Prosesa Niliyoisingizia Kifo

Vijana wangu, amani iwe kwenu. Wa dini yangu waitikie kwa namna yetu, na wengine waitikie kwa namna yao; Mungu anasikia zote.

Nimetengeneza kompyuta hapa Nakuru, mtaa wa Bondeni, tangu nikiwa na nywele nyeusi hadi zilipoanza kuniaga moja moja. Sasa nimestaafu. Duka nimewaachia wengine, macho hayaoni tena pini nyembamba, na asubuhi zangu ni za Kurani, chai, na kumwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba. Sina lalamiko. Lakini baadhi yenu hunijia mkiuliza, "Mzee, siri ya kazi ni gani?" mkidhani nitawatajia programu fulani. Siri ninayoijua ni neno moja ambalo nawaomba mlitoe vinywani mwenu. Neno hilo ni "imekataa". Siku moja nililisema juu ya prosesa nzima kabisa, ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta, na kwa kulisema nikakaribia kumnyima mtu kiti chake katika mazungumzo ya mahari ya binti wa ndugu yake. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze jinsi nilivyopata kujiamini kiasi hicho, maana kujiamini ndiko kulikoniponza.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Omari, Mungu amrehemu. Alianza na redio na taipureta, akahamia kompyuta akiwa tayari mtu mzima. Siku hizo prosesa uliisukuma ndani ya soketi, kikao chake kwenye bodi, kwa kidole gumba mpaka bodi ilie, na kuitoa uliichokonoa pembeni kwa bisibisi kama anayeng'oa jino. Bisimillahi yangu ilikuwa na hofu ndani yake. Kisha zikaja soketi zenye mkono mdogo wa chuma pembeni. Unainua mkono, unaiweka prosesa ikae kwa uzito wake mwenyewe, unashusha mkono. Omari akaniambia, "Kuanzia leo, ukiona unatumia nguvu, jua umekosea." Akanionyesha pembetatu ndogo kwenye kona ya prosesa na nyingine kwenye soketi. Zipatanishe hizo mbili, mengine yatakuja yenyewe. Mpaka leo ni hivyo. Katika mambo yote yaliyobadilika, ile pembetatu haikubadilika.

Kulikuwa na soketi moja tuliyoiita Saba. Nawaambia mlio wachanga, ule ulikuwa wakati mzuri. Kampuni zilizoshindana zilitengeneza prosesa zinazokaa kwenye soketi hiyohiyo, ukachagua upendayo. Lakini bodi haikujua imewekewa nini. Ulihamisha kwa mkono vipande vidogo vya plastiki ili kuiambia ipeleke umeme wa kiasi gani. Siku moja nilisahau kuvihamisha. Prosesa ilikuwa ya chama kimoja cha wakulima wa kahawa kule Subukia. Ilitoa harufu ya kitu kinachoungua, nami nikamgeukia Omari na kumwambia, "Imekataa."

Alikuja, akanusa, akaketi kwenye kigoda chake.

"Imekataa?"

"Imekataa, mwalimu."

"Hii haijakataa, bwana. Imekubali kila ulichoilisha, ndiyo maana imekufa." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akawa mkali. "Mashine haina mdomo wa kukataa. Ukisema imekataa, wewe umemaliza kufikiri na umeitupia lawama. Sema hujajua."

Nilikwenda Subukia mwenyewe kuwaambia wale wakulima kosa lilikuwa langu. Walinipa maziwa, wakanisamehe. Ningedhani somo lile lingetosha maisha yote. Halikutosha. Neno lenyewe ni jepesi mno mdomoni. Gari imekataa, simu imekataa, jiko limekataa, mtoto amekataa shule. Hapa kwetu tunalisema kama tunavyovuta pumzi.

Baada ya Saba mambo yalitawanyika. Kampuni moja iliifunga prosesa ndani ya boksi jeusi kama kaseti, ukaichomeka wima kwenye bodi. Miaka michache baadaye wakarudi kwenye soketi kama vile hapakutokea kitu. Ikaja 370, ikaja 478, kila moja ikitaka bodi yake. Kisha ikaja 775, na pini zikahama. Zamani zilikuwa kwenye prosesa. Sasa zikawa kwenye bodi, laini kama nyusi za mtoto. Pini ya prosesa ikipinda, chukua penseli ya kubonyeza, toa risasi, uivishe pini ile ncha tupu na uinyooshe polepole. Nimeokoa nyingi hivyo. Zile za kwenye bodi ni shughuli nyingine: sindano, kioo cha kukuzia, na kutokunywa kahawa asubuhi hiyo.

Kisha wakatuletea 1156, na haikupita muda wakatuletea 1155. Tofauti ni pini moja. Alama za pembeni zilisogezwa kidogo makusudi ili ya hapa isikae kule. Bwana mmoja wa Elburgon, anayenoa misumeno katika kiwanda cha mbao, aliniletea bodi iliyojaa unga wa mbao na uso wenye furaha.

"Fundi, watu walisema hii haiwezi ingia hapa. Nimepiga tupa kidogo pembeni, imeingia safi."

Nilitazama. Kazi ya tupa ilikuwa nzuri sana, sijaona bora yake.

"Imeingia kweli," nikamwambia. "Tatizo ni kwamba imeingia kaburini."

"Aah. Na vile nimetumia tupa mpya."

Tulicheka wote. Mtu wa Elburgon utamjua kwa unga wa mbao ndani ya mashine yake. Wa Subukia utamjua kwa siafu. Wa Mai Mahiu utamjua kwa masizi ya dizeli yaliyogandamana na vumbi kwenye feni, kwa sababu kule malori hayalali. Na hapo ndipo ninapomfikia Mama Wambui.

Mama Wambui ni mjane. Ana kibanda cha kuchapisha hati Mai Mahiu, kando ya barabara, ambapo madereva wa malori huchapisha karatasi za mizigo wakisubiri chai. Kompyuta ni hiyo moja. Nilimhudumia miaka mingi. Tangu mumewe alipofariki, hakuelewana sana na shemeji yake, Kariuki, ndugu mdogo wa marehemu. Kariuki huuza vipuri vya kompyuta vilivyotumika kule Nairobi. Watu walinong'ona kwamba baada ya mazishi alilisahau boma la ndugu yake. Basi siku moja Kariuki akaja Mai Mahiu na zawadi: prosesa yenye kasi zaidi, aliyoitoa kwenye mashine yake mwenyewe. Mama Wambui alifurahi. Aliibeba kompyuta yake hadi Nakuru, na prosesa amefunga ndani ya leso.

"Shemeji amekumbuka sisi," aliniambia. "Niwekee, fundi."

Bodi yake ilikuwa ya soketi iitwayo AM4. Hiyo ni soketi niliyoipenda, kwa sababu watengenezaji wake waliiacha bila kuibadilisha miaka mingi, prosesa mpya zikija na kukaa palepale zilipokaa za zamani. Nilimshukuru Mungu kwa watu wenye subira namna hiyo. Pini zilikuwa zimenyooka, pembetatu zikapatana, ikakaa bila nguvu. Nikawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Nikajaribu tena. Nikabadilisha memori. Nyeusi. Nikarudisha prosesa yake ya zamani, mashine ikaamka mara moja.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa inakaribia na wateja wengine walikuwa mlangoni. Sikuwa na bodi nyingine ya aina ile ya kujaribia. Nikakata kipande cha selotepu ya karatasi, nikaandika IMEKATAA kwa herufi kubwa, nikaibandika ile prosesa.

"Imekataa namna gani?" akauliza. "Imekufa?"

"Imekufa, mama."

"Imekufa sasa, ama alinipea ikiwa imekufa?"

Hapa ndipo ninapotaka mwende polepole. Sikujua. Jibu la kweli lilikuwa "sijui". Lakini nilikuwa fundi wa miaka mingi, na mtu mwenye jina huona aibu kusema hajui. Nikasema, "Ilikuja hivyo."

Aliifunga tena ndani ya leso. Nami nikaenda kuswali, na nadhani niliswali kwa utulivu.

Ilipita miezi kadhaa. Siku ya Alhamisi, karani wa kile kiwanda cha mbao cha Elburgon akaniletea bodi mpya ndani ya boksi lake nimuunganishie mashine ya ofisi. Ilikuwa AM4 pia. Juu ya boksi palikuwa na kibandiko kidogo kinachosema kwamba bodi hiyo iko tayari kwa prosesa za aina mpya, na aina yenyewe ilikuwa ile ya Kariuki. Nilikitazama kibandiko kile muda mrefu mpaka karani akauliza kama kuna shida. Nilikuwa najiuliza: kama hii imeandikwa iko tayari, basi ipo ambayo haiko tayari.

Nikafungua ukurasa wa watengenezaji wa bodi ya Mama Wambui. Orodha ndefu ya prosesa, na mbele ya kila moja toleo la BIOS, yaani ile programu ndogo iliyo ndani ya bodi inayoiamsha mashine. Prosesa ya Kariuki ilikuwamo. Ilihitaji tu programu ile isasishwe kwanza. Bodi ya Mama Wambui ilitengenezwa kabla prosesa hiyo haijazaliwa. Haikuwa na habari zake. Ingesasishwa kwa prosesa ya zamani na flashi ndogo, kazi ya dakika chache, kisha ile mpya ingekaribishwa vizuri kabisa.

Mimi niliyefundishwa madrasa kusoma herufi kwa herufi, sikusoma ukurasa mmoja.

Nilimpigia simu Mama Wambui nimwombe alete mashine.

"Wiki hii siwezi, fundi. Jumamosi ni ruracio ya Wambui. Wageni wanakuja na mimi niko na kazi nyingi."

Ruracio ni mkutano wa mahari kwa desturi ya Wakikuyu. Nikampongeza, nikamuuliza nani ataketi mahali pa baba wa binti.

"Tutatafuta mzee mwingine."

"Na Kariuki?"

"Huyo? Aliletea boma ya ndugu yake takataka. Nimeiweka mpaka leo, na ile karatasi yako. Jumamosi naitoa mbele ya wazee, kila mtu aone venye yeye hutufikiria."

Niliketi kwenye kigoda. Nilifundishwa tangu utoto kwamba ushahidi wa uongo ni mzigo mzito, na sikuzote nilidhani huo ni mzigo wa watu wa mahakamani. Kumbe nilikuwa nimeutoa wangu kwa kalamu ya wino, kwenye selotepu.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Mai Mahiu. Nilibeba flashi, bisibisi, na betri ya akiba, ile nzito inayoishikilia kompyuta stima ikipotea. Mnisikilize hapa, maana ni jambo la kazi: ukianza kusasisha BIOS, stima ikipotea katikati, bodi inakufa kweli. Na Mai Mahiu stima huja na kwenda. Ningeweza kufika kumsafisha mtu jina na nikamuulia mjane mashine yake ya pekee, siku moja kabla ya sherehe.

Mama Wambui alinitazama nikiunganisha betri.

"Fundi, nani amekuita?"

"Nimejiita. Nilikosea, mama. Ile prosesa haikufa."

"Wewe ndio ulisema imekufa. Mimi nilisema tu venye ulisema."

"Najua. Na nilisema pia ilikuja hivyo, na sikuwa na njia ya kujua."

Aliendelea kupanga karatasi. Madereva wawili walikuwa wakingoja kuchapisha hati, wakanikazia macho. Nikaanzisha kazi. Mstari ukaanza kujaa polepole kwenye skrini.

"Mzee, hiyo inapika nini?" dereva mmoja akauliza.

"Uji. Usiguse meza."

Mstari ulikuwa umevuka nusu kidogo stima ilipopotea. Taa ya kibanda ikazimika, printa ikanyamaza, betri yangu ikaanza kulia tii, tii, tii. Skrini ilibaki na mwanga. Sikuomba kwa sauti, midomo ilitembea yenyewe. Yule dereva wa pili akasema, "Mathe, nyamazisha huyo kuku," na Mama Wambui, bila kugeuza kichwa, akamwambia, "Wewe ndio utanyamaza." Hapo nikajua naye anaitazama.

Mstari ukajaa. Mashine ikajizima, ikajiwasha, ikaamka. Tukangoja stima irudi, kama nusu saa hivi. Kisha akaleta ile leso. Nilitoa selotepu yangu juu ya prosesa, nikasafisha gundi kwa spiriti, nikaiweka, nikashusha mkono wa chuma. Skrini ikawaka. Hati za madereva zikatoka mbio kuliko walivyozoea, na yule wa kuku akasema, "Kumbe ilikuwa na nguvu ya kulipuka hivi."

Mama Wambui aliketi.

"Na sasa nitamwambia nini? Nimemtukana kwa simu. Nimemtangaza kwa watu wa kanisa."

"Usianze wewe. Nianze mimi."

Nilimpigia Kariuki. Nikamweleza yote, pamoja na lile "ilikuja hivyo".

"Mzee," akasema, "mimi sina maneno na wewe. Lakini umeniambia mimi pekee. Hao wengine?"

Alikuwa na haki. Neno halirudi kwa mlango mmoja wakati lilitoka kwa milango yote. Nikamwambia nitawaambia hao wengine, kesho, mbele yake, kama Mama Wambui ataniruhusu.

"Kuja mapema," Mama Wambui akasema kando yangu. "Kuna mbuzi mmoja tutakuwekea uchinje mwenyewe ndio ukule na sisi." Kisha akaichukua simu mkononi mwangu na kutoka nayo nje ya kibanda. Aliongea muda mrefu. Mimi nikaenda kuswali Ijumaa katika msikiti mdogo kando ya barabara, na niliomba msamaha wa kipande cha selotepu chenye upana wa kucha.

Jumamosi, kabla wageni hawajafika, wazee wa upande wa binti walikuwa wameketi uani kwa Mama Wambui. Kariuki alisimama nyuma kabisa, karibu na lango, kama mtu aliyekuja kusoma mita. Mama Wambui akaniita mbele. Nikaeleza. Si rahisi kuwaeleza wazee wanane habari ya soketi. Nilizungumza juu ya pini, nikaona macho yakififia. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, kaka wa nyanya yake Wambui, akanisimamisha.

"Fundi, tuelezee polepole. Hiyo kitu iliingia kwa nyumba ama haikuingia?"

"Iliingia, mzee."

"Ikakaa kwa kiti?"

"Ikakaa vizuri."

"Na wenye nyumba wakafanya nini?"

"Wakanyamaza. Hawakuwa wamewahi kusikia jina lake."

"Basi haikuwa mwizi, na haikuwa maiti. Ilikuwa mgeni ambaye hajatambulishwa." Akawageukia wenzake. "Kama huyo kijana anatuletea mbuzi leo."

Walicheka wote. Mimi niliyefanya kazi hii miaka yote sikuwahi kuieleza vizuri hivyo. Kisha mzee akatazama langoni. "Kariuki, mbona umesimama huko kama polisi? Kuja ukae kwa kiti ya ndugu yako."

Kariuki alikuja. Alipopita karibu yangu alinigusa bega, basi. Mama Wambui alimpangusia kiti kwa leso.

Wageni walipofika na mambo yakazungumzwa, ikafika ile saa ambayo binti huitwa na kuulizwa mbele ya watu wote kama anaridhia ndoa. Huulizwa na anayeketi mahali pa baba yake. Kariuki alisimama, akakohoa, akamgeukia binti.

"Wambui, watu hawa wametuletea vitu. Tukule, ama turudishe?"

Wambui alimtazama mama yake, akamtazama ami yake.

"Kuleni," akasema.